Ndizi Alizomenya Binti Yangu

Mume wangu ni mpagazi wa mlimani. Akipanda na wageni, mimi na binti yetu wa miaka minne tunabaki kijijini Masama, katikati ya migomba, na siku inaweza kuisha sijaongea na mtu mzima.

Kulea mtoto nimejifunza kwenye simu. Toa agizo moja fupi. Subiri. Msifu akitenda. Sentensi zangu nilizifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe, maana nilitaka zitoke bila kasoro. Hata hivyo mtoto aligoma. Nikimwambia alete sufuria, anakaa chini. Kwa bibi yake anafagia mpaka zizini.

Mama mkwe aliliona hilo. "Huyu amekushinda, mwanangu. Jumamosi namchukua, akae kwangu mpaka aanze shule."

"Sawa, mama," nilijibu, nikaenda kulia kwenye mibuni. Mtoto akiondoka, nyumba ingebaki na sauti ya ng'ombe tu.

Nikaamua kujirekodi, nijue nakosea sentensi ipi. Niliweka simu dirishani tukimenya ndizi za mtori, supu yetu nzito ya ndizi: mimi nachana ganda kwa kisu, yeye analivua. Niliposikiliza, sentensi zilikuwa safi. "Umemenya vizuri, mwanangu." Kisha kwaru, kwaru, kisu changu kikiparua upya kila ndizi aliyonipa, kwa kuwa siwezi kuvumilia mtori wenye vidoa vyeusi vya maganda. Halafu sauti yake ndogo: "Basi menya mwenyewe."

Nilirudia kusikiliza, masikio yakiniwaka kwa aibu.

Jumamosi asubuhi nilimchania maganda, kisha nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa, mpaka ndizi zote zikaingia sufuriani kama alivyozimenya. Mama mkwe akafika na begi la kubebea nguo za mtoto.

"Shikamoo, mama. Karibu mtori."

"Marahaba." Akaonja, akatoa kitu ulimini. "Siku hizi mnapika na maganda?"

"Nimemenya mimi!" binti yangu akadakia.

"Wewe? Basi umemenya nusu. Haya, vaa viatu twende."

"Siendi, bibi. Kesho tunamenya tena. Mama hajui kuvua."

Bibi yake akacheka mpaka akapaliwa. "Mfundishe basi," akasema, akaondoka na begi lake tupu.

Nilimpigia mume wangu nimweleze. Hapatikani, huko juu hakuna mtandao. Nikajaribu tena, kisha nikakaa jikoni na habari yangu, nikimtazama mtoto akiosha bakuli na kuliweka kabatini, bado lina povu.