Miguu ya Madawati

Siku ile karakanani Shinyanga tulikuwa watatu: mwenye karakana, ambaye ni Mhindi mzaliwa wa mji huohuo; fundi mkuu, Mgogo na hivyo mtani wangu; na mimi, Msukuma niliyeacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo wanne.

Kazi yangu ilikuwa msumeno wa umeme unaoning'inia kwenye mkono wa chuma. Ubao hutulia mezani, msumeno ndio unaovutwa. Mkono ukihama kidogo tu, kila kipande hutoka upande. Kwa hiyo kila asubuhi nilikata ubao mpana vipande viwili, nikageuza kimoja juu chini, kisha nikavikutanisha kwenye rula. Mwanya ukionekana, unalegeza nati, unasogeza mkono, unakaza, unakata tena.

Asubuhi ile nilichelewa kwenye foleni ya unga. Sikupima. Nilianza moja kwa moja kukata miguu ya madawati ya shule.

"Mtani, mkono wako umelewa," fundi alisema akipita.

"Kwenu hata mti wa kukata hamna. Utajuaje?"

"Haya. Michembe yenu ya viazi imekujaa machoni."

Nikacheka, nikaendelea kuvuta. Kila siku alinikejeli hivyo. Sikujua kwamba safari hii alikuwa ananiambia kweli.

Alasiri dawati la kwanza lilisimama kwa miguu mitatu. La pili vilevile. Mbao zote zile za mninga zilikuwa zimeharibika.

"Nani alipima msumeno leo?" mwenye karakana aliuliza.

Nilifungua mdomo. Nikawakumbuka wadogo zangu, nikaufunga.

"Leo nilipima mimi, Mzee," fundi akasema.

"Basi nenda nyumbani. Usirudi."

Alikusanya patasi zake. Nilimfuata hadi mlangoni nikamuuliza kwa nini.

"Mimi nalisha tumbo moja. Wewe matano, tena ya Kisukuma. Kesho upime."

Kesho yake nilipima. Nati moja ilikuwa imelegea. Niliikaza kwa mzunguko mmoja wa spana.

Baadaye nilisikia fundi yuko machimboni Rwamgasa, anaweka magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu. Nilipokwenda, alikwishahama. Sikumfuata zaidi.

Wadogo zangu wote walimaliza shule. Mwenye karakana sasa ni mzee sana. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba, kisha huwaambia wageni wake kwamba sijawahi kumharibia ubao.

Bado sijamwambia.