Siku Gari Lilipopona

Mimi sikuzaliwa na hasira. Nilifundishwa, na mwalimu wangu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi mwenye garaji yake huko Annexe, pembeni mwa mji, nyuma ya mashamba ya mihogo. Kwetu Lubumbashi mdogo wa mume anakuita "bibi yangu", yaani mke wangu, kwa utani, maana ukoo unakuhesabu mke wa nyumba nzima. Mume wangu alipokuwa hai, utani ule ulinichekesha, hata nilimjibu alete basi mshahara wake nyumbani. Nilipofiwa nikaanza kuusikia vingine.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, usukani kulia, aina ile unayoipita kila kona ya mji huu bila kugeuza shingo. Lakini ndilo lililotulisha. Tulikwenda nalo Mokambo, mpakani, kununua mahindi na maharagwe yanayovuka kutoka Zambia, tukarudi kuuza sokoni. Mume wangu alipoanza kuumwa, alinikalisha mbele ya usukani na kunifundisha, akinigombeza kila nilipokanyaga breki vibaya. Mwisho nilikuwa nakwenda Mokambo peke yangu, yeye amelala. Kwa hiyo alipokufa, wanangu hawakubaki mikono mitupu. Walikuwa na mama na walikuwa na gari, na bukari, ugali wetu, ilikuwa bado inasongwa nyumbani.

Tuliporudi kutoka makaburini, watu hata hawajamaliza kunawa mikono, shemeji akaanza kulizunguka gari uani. Akapiga tairi teke, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Bibi yangu, hii motokari iko mugonjwa. Ukienda nayo Mokambo, itakufia mu njia."

Kaka yao mkubwa, ambaye ndiye anayesema neno la mwisho katika ukoo ule, alikuwa ameketi barazani na fimbo yake. Akasema, "Ikae kwanza kwa garaji. Ikipona, tutaona."

Hakuna aliyeuliza tutaona nini. Na kwetu, ukiwa na ndugu fundi, kupeleka gari kwa fundi mwingine ni kumvua ndugu yako nguo mbele za watu. Nilitoa ufunguo, nikasema asante.

Ikaanza na mafuta ya injini. Shemeji alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye kitambaa, akanionyesha weusi wake. "Unaona? Imeshaungua." Mume wangu alikuwa ameyabadilisha muda mfupi tu kabla ya kulazwa, mimi nikiwapo, lakini nilikuwa na kitambaa cha kilio kichwani na midomo imekauka, ningebishana na nani? Nikalipa. Nikarudi kuchukua gari, nikaambiwa injekteri, zile zinazonyunyizia injini petroli, ni chafu, lazima zioshwe. Zikaoshwa. Nikarudi, sasa ni mafuta ya giaboksi. Baadaye radieta, baadaye amortiseri, zile shokomzoba. Kila nikifika garaji, gari limepata ugonjwa mpya, na shemeji ananiletea kiti, ananiuliza habari za watoto, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na mimi wakati huo Mokambo nakwendaje? Juu ya lori, nimekaa kwenye magunia ya watu, mvua yangu na vumbi langu. Wenye malori hawakusubiri mjane amalize kupatana bei. Safari moja maharagwe yangu yaliloa yote, yakaanza kuota kabla hayajafika sokoni. Mtoto wangu wa kike akarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Alifika nyumbani na begi lake, akakaa mlangoni. Mayo! Siku hiyo roho ilinichafuka kweli.

Sasa, mimi ufundi wa gari siujui, lakini gunia nalijua. Mpakani kuna wauzaji wanaoweka maharagwe mazuri juu na mawe chini, na usipozamisha mkono hadi kwapani umeliwa. Nikajiambia, huyu naye ni muuza gunia. Nilipokwenda tena alikuwa na filta ya hewa mkononi, nyeusi tii, ameipangusa vumbi kidogo ili niione vizuri. "Ona namna gani ndugu yangu alikuwa anaendesha. Motokari itapumua namna gani?"

"Iweke pale ulipoitoa," nikamwambia.

"Eh?"

"Kwa fasi yake. Nione inaingia."

Akacheka. Akasema bibi yangu leo ameamka vibaya. Nikaichukua mwenyewe, nikafungua boneti, nikaipeleka kwenye kile kisanduku chake. Haikuingia. Ilikuwa ya gari kubwa, pengine ya lori, na alikuwa akiionyesha kwa kila mteja anayepita, naapa. Filta yangu ilikuwa imo ndani, haikuwa hata na umri. Alisema amechanganya. Nikasema haya, nikaondoka nayo kwapani.

Tangu siku ile nilizamisha mkono. Kila alichonitajia, niliuliza maswali yaleyale bila kupumua: kilifanywa lini mara ya mwisho, nikikiacha kutatokea nini, na kama kimekufa nionyeshe kikiwa ndani ya gari, si juu ya meza yako. Sokoni kuna madereva wa teksi wanaonunua kwangu maharagwe, nikawatesa na maswali hayohayo. Wakanieleza kwamba mafuta ya injini huwa meusi upesi kwa sababu ndiyo kazi yake, yanabeba uchafu, na rangi peke yake si kesi. Wakanionyesha kukandamiza pembe ya gari kwa nguvu na kuachia. Likipanda na kutulia, amortiseri bado ni nzima. Likiendelea kuruka ruka, zimekufa. Nikaenda garaji, nikalikandamiza langu mbele na nyuma huku shemeji akinitazama. Lilipanda, likatulia. Injekteri nazo, wakaniuliza, gari lilikuwa likikohoa? Lilikuwa gumu kuwaka? Halikuwa. Basi zilioshwa nini?

Breki lakini zilikuwa kweli. Aliniita nione, akalitoa gurudumu, na vile vibao vya breki za mbele vilikuwa vimekwisha hadi kwenye chuma. Nikakubali avibadilishe, nikamshukuru. Ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alijua kazi yake na alijua kusema ukweli, akauchanganya na uongo kama mawe na maharagwe ili nisiweze kumtupa kabisa.

Ya mwisho ilikuwa kuroa, ule mkanda wa ndani ya injini. Aliniambia ukikatika injini yote inakufa, na kwamba wa kwangu umeshapasuka pasuka. Hapo niliogopa, maana madereva nao walikuwa wameniambia ule si wa kuchezea. Ila nikasema mkanda nitanunua mwenyewe. Nikaenda kwa baba mmoja wa Kiislamu anayeuza vipuri mjini, mtu wa Maniema. Akaniuliza gari gani, nikamweleza, akaniangalia.

"Mama, ile moteri haina kuroa. Iko na sheni. Nani anakuuzia?"

Mnyororo. Injini ya gari langu ina mnyororo wa chuma, haina mkanda wa kupasuka. Shemeji yangu alitaka kunibadilishia kitu ambacho hakikuwamo. Nilisimama pale dukani nikacheka kwa sauti hadi yule baba akaniletea maji.

Nilikwenda garaji moja kwa moja. Nikadai ufunguo. Shemeji hakukasirika, akafuta mikono polepole. "Bibi yangu, ufunguo iko ya famille. Mi sina ruhusa ya kukupatia." Famille, yaani ukoo. Sasa ungefanya nini? Kumnyang'anya? Mwanamke aliyeolewa haendi kugombana na mdogo wa mumewe mbele ya mafundi. Kwetu maneno ya hivyo yanapelekwa kwa mkubwa, ukoo unaitwa, watu wanakaa na kusikiliza. Nikauita ukoo mimi mwenyewe. Nikapika kuku, nikanunua vinywaji.

Walikaa uani kwangu, kaka mkubwa na fimbo yake, wajomba, mashangazi. Shemeji alikuja na gari lenyewe, kama nilivyodai. Nikasimama. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nikafungua boneti mbele yao, nikataja kila ugonjwa nilioambiwa, nikauua mmoja mmoja. Mafuta haya. Filta hii aliyonionyesha, ingizeni nyinyi wenyewe. Kandamizeni hapa, muone. Mkanda? Mkanda uko wapi, shemeji, waonyeshe. Mashangazi wakaanza kupiga makofi. Shangazi mmoja akasema, "Aaah, huyu mwanamuke!" Shemeji akatazama chini, akatabasamu, akasema nimejifunza kazi, nije tufanye garaji pamoja. Wakacheka. Na mimi, kwa furaha, nikacheka.

Kaka mkubwa akaniuliza, "Kwa hiyo, bibi yetu, motokari haina ugonjwa?"

"Hata moja, baba mukubwa."

"Inaweza kwenda mbali?"

"Hata Kolwezi. Hata kesho."

Akamwamuru mdogo wake aliwashe. Likawaka mara moja, likanguruma vizuri, hata moshi halikutoa. Akasikiliza muda mrefu, amefumba macho. Kisha akanyoosha mkono, na ufunguo ukanipita, ukaenda kwake.

"Tunakushukuru sana, bibi yetu. Tulikuwa tunaogopa kuchukua kitu kibovu, kitulalie mikononi. Sasa iko muzima, iko ya famille. Batoto ya ndugu yetu beko batoto yetu, hawatakosa."

Mashangazi walewale wakapiga makofi tena.

Nilisema. Nilisema yote: marehemu alivyonifundisha usukani, Mokambo, lori, mtoto aliyekaa mlangoni na begi. Nikasema watoto ndio warithi. Sheria nilikuwa naijua, usidhani sikuijua, imeandikwa watoto kwanza. Mjomba mmoja akaniuliza kwa upole kama nataka kuwapeleka mahakamani watu ambao wanangu wanabeba jina lao. Nani atawazika hao watoto siku wakifa, akauliza. Nani atampokea binti akiolewa. Nikamtazama shemeji, angalau yeye aseme neno, yeye aliyekula jasho langu miezi yote ile. Alikuwa anakula kuku wangu.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Mimi nilikuwa nakwenda sokoni, mzigo wangu umebaki kwa jirani wa pale, na kaka mkubwa akaniona natembea barabarani. Akamwambia mdogo wake asimame. "Panda, bibi yetu. Utatembeaje kwa miguu na sisi tupo?" Nikapanda. Usiniulize kwa nini. Nikakaa nyuma, katika gari ambalo nililiendesha mwenyewe, nikitazama visogo viwili vya watu wa mume wangu.

Sokoni nikashuka. Wenzangu wote wa maharagwe wakainua macho, mmoja akapiga kigelegele, akadhani nimerudishiwa gari langu. Shemeji akachungulia dirishani.

"Bibi yangu, mulango ufunge pole pole."

Nikaubamiza kwa nguvu zangu zote, kwa mikono yangu yote miwili. Kioo hakikupata hata ufa. Wakaondoka, na lilikwenda vizuri, halikupiga kelele hata kidogo.