Kioo Nilichonyolea Ndevu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Elburgon, mjukuu wangu. Umekuja kunionyesha gari lako jipya, nami nimefurahi kwelikweli. Lakini kabla hujaliondoa hapa uani, kaa kwanza unisikilize. Najua una haraka. Vumilia kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa dereva kijana wa lori la mbao. Tulipakia kiwandani Elburgon, tukashusha Nakuru. Madereva tulilala palepale kiwandani, na kioo cha kunyolea hatukuwa nacho. Kwa hiyo kila asubuhi mtu aligeuza kioo cha pembeni cha lori lake, akakiinua juu, akajipaka sabuni na kunyoa ndevu akiwa amesimama nje. Ukimaliza unakirudisha mahali pake.

Siku hiyo nilikuwa na mchumba wa kumwona Nakuru. Nikanyoa, nikajitazama, nikajitazama tena. Nilikuwa kijana mzuri, usicheke. Kisha nikaruka kwenye usukani, nikatia gia ya kurudi nyuma, nikaanza kulisogeza lori kwenye rundo la mbao. Kioo cha kulia bado kilikuwa kimeinuliwa. Cha kushoto nilikikunja tangu jana yake ili mbao zisikivunje. Nilitupa jicho, nikaona mawingu, na kwa kuwa uwanja ule niliujua vizuri, nikaendelea.

Mara mwanamke akapiga yowe. "Simamisha! Mtoto iko nyuma! Mtoto!"

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, injini ikazimika. Sitakudanganya, mwanangu: sikutaka kushuka. Nilikiogopa nitakachokiona kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilishika usukani, nikimwomba Mungu anirudishie dakika ile moja tu.

Mama yule alikuwa amekuja kuokota mabanzi, yale mabaki ya mbao ya kuwashia moto. Alikuwa amemweka mwanawe, mtoto wa kutambaa, juu ya gunia ili apate kufunga mzigo. Niliposhuka nilikuta tairi la nyuma limekanyaga pembe ya gunia. Mtoto alikuwa ameketi pembe ya pili, unga wa mbao umemjaa mdomoni, ananitazama. Mama yake alimnyakua, akamkumbatia. Mimi nilitapika.

Palikuwa na dereva mkongwe, Mzee Athmani, mtu wa Nakuru mjini ambaye baba yake alitoka pwani. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema, "Keti hapo kwenye gunia."

Nikaketi. Yeye akapanda lori langu, akaliwasha. Nikiwa nimekaa chini, tairi lile lilinipita urefu. Lilitetemeka mbele ya uso wangu, moshi ukanijaa puani, nikasahau kabisa kwamba mzee ananipenda. Nilidhani ataniua.

"Nimeangalia kioo," akapaza sauti kutoka dirishani. "Naona mawingu tu. Nirudi nyuma?"

"Hapana, mzee! Tafadhali!"

Akashuka, akaweka vioo vyote viwili sawasawa, akapanda tena. Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

"Sasa vioo viko sawa," akasema. "Ukuta nauona, mbao naziona. Wewe bado sikuoni. Nirudi?"

Nililia mbele ya kiwanda kizima.

Akazima injini, akaja kuninyanyua. "Basi ujue hivyo, kijana. Hata kioo kilichowekwa vizuri hakioni kila kitu. Shuka, ukaangalie kwa macho yako."

Kwa hiyo, mwanangu, ukiketi kwenye gari hilo, tengeneza vioo kabla hujawasha injini, kile cha ndani na vile vya pembeni, hasa kama mwenzako ameliendesha. Usivirekebishe ukiwa njiani. Ukitaka kuhama upande, angalia kioo, kisha geuza shingo uangalie pale kioo kisipofika. Na kabla ya kurudi nyuma, lizunguke gari kwa miguu, hata kama umetoka kulizunguka sasa hivi. Watakucheka. Mimi wananicheka mpaka leo, na sijali.

Unaona hizi ndevu zangu zilivyonyolewa ovyo? Nyanya yako amenilalamikia miaka yote ya ndoa yetu. Tangu asubuhi ile nanyoa kwa kupapasa. Kila nikijitazama kwenye kioo, namwona yule mtoto, na unga wa mbao mdomoni.

Haya, nenda. Mungu akufikishe salama kila uendako, akupe macho ya mbele na ya nyuma, na mtoto wa mtu yeyote asiumie kwa mkono wako. Lakini kwanza nipe fimbo yangu. Leo tutalizunguka pamoja.