Baba anataka nisome kimya, na mimi nikikaa kimya hakuna kinachoingia

Admin, jina langu libaki kwako, kwetu kijijini Gare tunajuana hadi mbuzi. Wakubwa shikamooni. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma biashara chuo kikuu mwaka wa pili. Niko nyumbani nasubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la masoko. Nikifeli nadisco, chuo ndiyo basi, sitanii.

Shida ni kwamba kusoma kimya siwezi. Kuna mwalimu alitupa karatasi tujaze kila mtu anaelewa kwa njia gani: kuona, kusikia, kusoma au kutenda. Mimi nikaandika pembeni "kuongea", maana haikuwepo. Wenzangu wakacheka. Kwenye diskasheni wao wanainamia slaidi, nikifungua mdomo wananiambia, "Wewe kelele!" Mwisho wakanitoa kundini. Nikajifungia na madaftari mpaka macho yakauma, na kwenye mtihani sikukumbuka kitu.

Nyumbani ndiyo nikapata dawa. Mama anauza plamsi kwa wageni wanaokwenda Irente. Asubuhi tukichambua matunda namfundisha somo. Namuuliza, "Mteja wako ni nani?" Akijibu sivyo namwambia, "Umekosea mama, rudia." Anacheka, anabisha kwa Kishambaa, na nikimjibu somo linaingia lenyewe. Jamani, mada tatu kwa wiki moja!

Juzi baba akatokea na mzee mwenzake wa usharika kanisani, wakanikuta hapo hapo kwenye "umekosea". Mgeni alipoondoka tu, baba akawaka: "Wewe ndiye wa kumwambia mama yako amekosea? Hicho ndicho ulichofuata chuo?" Nikaeleza, nikaambiwa najibizana. Mama akasema, "Nilimruhusu mwenyewe." Naye akaambiwa anyamaze.

Sasa kwa amri yake nasomea chumbani, mlango wazi, baba yuko kibarazani anasikiliza kama kumetulia. Kukiwa kimya anawaambia watu binti yake anasoma. Sisomi! Naangalia karatasi tu. Inaniudhi mpaka nalia.

Jana mama kaniletea chai, akasema kwa sauti ya chini, "Lile la mteja nimelijaribu. Kweli nilikuwa nakosea. Mada inayofuata inasemaje?" Baba akakohoa nje. Nikainamia karatasi, mama akatoka.

Sapu ni Jumatatu. Baba nampenda, na kumvunjia heshima siwezi. Mliolelewa kama mimi, niambieni: mzazi wa namna hii anaelezwaje bila kuonekana unambishia? Nianzie wapi, jamani?