Siku mama mkwe alipotandika nyasi uwanjani: namkumbuka Ta Gosbert wa Rubya

Wakuu, heshima kwenu. Hiki ninachoandika sikusimuliwa. Nilikuwepo na nilikiona, na kama nitakosea mahali ni uzee tu.

Nimepata habari kwamba Ta Gosbert amefariki, amezikwa kwenye kibanja chake cha migomba, watoto na wajukuu wote wakiwepo. (Kwetu Uhayani "Ta" ni heshima ya mwanaume mzima, na "Ma" ya mwanamke.) Nimeona nisikae na hili peke yangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Shule nilishaiacha mapema. Si kwamba nilikuwa mjinga, miguu ndiyo iliyokuwa inawasha.

Asubuhi moja nikatoka nyumbani Nyanga bila mpango wowote. Mama akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Nakuja."

Barabarani nikakuta lori limebeba vijana wa mjini Bukoba wanaimba, mmoja kakumbatia mpira kama mtoto mchanga.

"Mnakwenda wapi?"

"Rubya, kwenye basketi. Panda, unatuangalia nini?"

Nikapanda. Mpira wa kikapu nilikuwa sijawahi kuuona ukichezwa.

Tulipopita Muleba walikuwa wameshanieleza habari za seremala mmoja mwendawazimu. Kwamba yeye, mkewe Ma Adventina na watoto wao wamejitengenezea uwanja wa basketi: wamebeba udongo wa kichuguu, wakauponda na kuutwanga mpaka ukawa mgumu kama saruji. Ringi kazikunja kwa chuma cha pipa. Kila jioni anafundisha vijana wa kijiji, wa kike na wa kiume, huku binti yake mdogo amekaa mabegani.

Tulipofika, huyo mwendawazimu, ndiye Ta Gosbert, alikuja mbio kutupokea. Shati jeupe, filimbi shingoni, binti mabegani kweli.

Hakusalimia sana. Alimvuta nahodha wa wageni pembeni, nami kwa udadisi wangu nikasogea.

"Waitu, ndugu zangu, chezeni kwelikweli leo. Mwenyekiti wa kijiji anataka hapa pawe shamba la maharage la Ujamaa. Kasema mpira hauliwi. Nimemwomba aje aone mara moja tu. Asiporidhika, kesho majembe yanaingia."

Basi tukaenda uwanjani. Wakuu, uwanja hatukuuona.

Ulikuwa umefunikwa nyasi mbichi, nene, zimetandikwa vizuri kutoka ringi hadi ringi. Wanawake wa kijiji wamesimama pembeni wanatabasamu, wanasubiri shukrani.

Kwa wasiojua: kwetu mgeni wa heshima akija, nyumba hutandikwa nyasi mbichi sakafuni. Kina mama walisikia wanakuja wageni wa mjini, na wageni hao watakuwa uwanjani siyo ndani. Wakatandika uwanja.

Kijana mmoja wa mjini akaudundisha mpira. Pu! Ukalala pale pale.

"Jamani, tumekuja kucheza au kulishwa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ta Gosbert hakucheka, jasho lilikuwa linamtoka. Nikamuuliza si waziondoe tu?

"Kumwondolea mgeni nyasi ni kumfukuza," akaninong'oneza. "Halafu aliyewaongoza ni yule pale. Mama mkwe wangu."

Enzi hizo mama mkwe ulikuwa humtazami usoni, sembuse kumwambia kazi yake imeharibu mambo. Na mwenyekiti alikuwa ameshafika, mikono nyuma, akimwambia jirani yake kwa sauti, "Naona Gosbert ameanza kufuga ng'ombe."

Ta Gosbert akamshusha mtoto, akamshika mkono nahodha wa wageni, akampeleka nje ya mstari na kumkalisha chini, kwenye udongo mtupu. Akarudi, akamchukua wa pili. Wa tatu nilikuwa mimi.

Bibi, yule mama mkwe, akashindwa kuvumilia.

"Adventina! Mume wako ana nini? Wageni anawakalisha kwenye mavumbi! Wanawake mnaangalia tu? Leteni nyasi huku!"

Wakuu, mngeona mbio zile. Wanawake waliinama, wakakumbatia nyasi mafungu kwa mafungu, wakatuletea tulipokaa. Nyingine zilinimwagikia kichwani. Hapo mgeni hajafukuzwa. Nyasi zimemfuata alipo.

Uwanja ukabaki mweupe. Ta Gosbert akapuliza filimbi haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Wenyeji walifungwa, tena vibaya. Lakini watu walipiga kelele hata pasipostahili, na bibi alikuwa anawatukana vijana wa mjini kwa Kihaya kila walipofunga. Mwenyekiti alianza amesimama. Baadaye alikaa kwenye nyasi. Mwishoni alikuwa anabishana na refa.

Alipoinuka, alijikung'uta suruali na kusema, "Maharage tutayapanda kule bondeni. Lakini Gosbert, wafundishe kukaba. Mmetuaibisha."

Ta Gosbert aliketi chini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mkewe akaja akakaa naye, bega kwa bega, mbele za watu wote. Sikuwa nimezoea kuona hivyo.

Lori likaondoka bila mimi.

"Wewe si wa timu?" Ta Gosbert akaniuliza.

"Hapana. Nilipanda tu."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Sijui."

Bibi akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha mkwe kusikia, "Huyo asiyejua aendako mwingizeni ndani, giza linaingia." Nikapewa kitanda kwenye chumba cha mbao, kinanukia maranda. Nilipanga kulala usiku mmoja. Nilikaa mpaka mavuno ya kahawa.

Funzo nililobeba: ukipenda kitu sana, usigombane na watu wako kwa ajili yake. Tafuta njia wakisaidie kwa hiari yao, heshima zao zikiwa mkononi.

Humu kama kuna aliyecheza kwenye kile kichuguu, ajitokeze tumkumbuke pamoja. Na wenye mama wakwe wakali, tuambieni mlivyopona.