Ng'ombe wa Mjomba

Fomu ya mkopo wa chuo ilitaka barua ya mtendaji wa kijiji, kuthibitisha kwamba familia yangu haina uwezo. Bila barua hiyo hakuna mkopo, na bila mkopo chuo ningekisikia redioni. Mtendaji naye akasema haandiki kitu mpaka aje aone kwa macho yake.

Akaja asubuhi, akapewa kigoda, akatazama zizini, kisha akamgeukia baba. "Mzee, ng'ombe kumi na moja wote hawa ni wako?"

Niliwahesabu mara mbili. Kumi na moja kweli, ila wetu walikuwa wawili. Tisa aliwaleta mjomba tumtunzie, kama watu wa huku Dodoma wanavyofanya ili ugonjwa usimalize mali yote kwa siku moja. Baba aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini akane ng'ombe mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye mhuri? Alikohoa, akasema, "Tunamshukuru Mungu."

"Baba! Si tisa ni wa mjomba?"

"Nyamaza. Unanivua nguo mbele za watu?"

"Ng'ombe tu, baba. Nguo baki nazo."

Mtendaji akacheka. Baba hakucheka. Nikabaki kuitazama ada yangu ya miaka mitatu imesimama zizini, inacheua.

Mwishowe baba aliitazama fomu mkononi mwangu, akamsogelea mtendaji. "Andika wawili," alisema. "Ila barua usiisome kwa sauti pale ofisini."

"Iandike hapa hapa," nikadakia, nikimpa kalamu. "Mhuri si unao mfukoni?"