Mgeni wa Pasaka

Mama niliyemtunza kule Silver Spring alikuwa Myahudi, mjane, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi. Mimi nilikuwa mgeni Marekani, nimetoka Kericho, na Wayahudi niliwajua kwa Biblia tu. Nilidhani waliisha zamani, kama Wafilisti. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. "Tupo bado," akasema.

Kwenye mwimo wa mlango wake kulikuwa na kijisanduku chembamba, na ndani yake maneno yasemayo kwamba Mungu ni mmoja. Kila akipita alikigusa, kisha akabusu vidole. Ijumaa, jua likikaribia kutua, aliwasha mishumaa miwili na kufunika macho kwa viganja, na kuanzia hapo hakukuwa na kazi tena. Hata simu ilijililia hadi ikachoka. Aliniambia Mungu alifanya agano na Ibrahimu, akawapa watu wake amri za kushika na nchi ya kukaa. Kuhusu Masihi alisema, "Sisi bado twamngoja."

Alisali akielekea Yerusalemu. Mwezi wa kumi, nje kumelowa tele, nilimkuta akiombea mvua.

"Mvua yote hii, Mama?"

"Si ya hapa, ni ya kule. Babu zangu waliishi kwenye theluji ya Poland, na bado waliombea mvua mashamba ambayo hawakuwahi kuyaona."

Mimi ni binti wa mkulima. Kila nilipopiga simu nyumbani, swali langu la kwanza lilikuwa kama kumenyesha. Hapo ndipo nilipompenda.

Kanisa letu la Waafrika Mashariki lilikodi ukumbi wa shule kule Greenbelt. Pasaka ilipokaribia, mchungaji aliniita kando. "Dada, mwombe yule mama aje atusimulie Pasaka yao. Atakuwa mgeni wetu tu."

"Hamtamhubiria?"

"Hatutamhubiria. Neno langu ndilo hilo."

Mama alisita. Alisema maishani mwake amealikwa mara nyingi na watu waliokuwa na jambo lingine moyoni. "Wataniacha nilivyo?" akaniuliza. Nikamwambia mchungaji ameahidi. Akakubali, kwa ajili yangu.

Alikuja na gauni la buluu na mkate usiotiwa chachu, ameufunga kwa kitambaa. Alizungumza Kiingereza, mimi nikitafsiri. Alieleza kwamba usiku ule kila Myahudi hujiona kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyetoka Misri, na kwamba meza humalizika kwa kutamani kuwa Yerusalemu mwaka ujao. Mkongomani mmoja, aliyekimbia vita kwao, alilia waziwazi. Mama akamkatia kipande cha mkate.

Ndipo mchungaji akachukua maikrofoni, akasema kwa Kiswahili, "Wapendwa, mama huyu ametupa nusu ya ukweli. Tumefunga wiki nzima kwa ajili ya roho yake. Leo Bwana anajibu!"

Tumefunga? Nilimtazama rafiki yangu Mtanzania, tuliyekaa naye nyumba moja. Wiki nzima alikuwa akisukuma sahani na kuniambia tumbo linamsumbua. Akainamisha macho. Walijua wote isipokuwa mimi.

Wazee walikuwa wameshamzunguka Mama, mikono juu ya kichwa chake, kwaya imeanza. Alinishika mkono. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria kila neno. Sikutaka adanganywe mara mbili.

Mama alinyanyuka polepole, akaiondoa mikono ile mmoja mmoja. "Asanteni," akasema. "Mimi nina Mungu wangu."

Tulipoingia Silver Spring akaniuliza, "Ulijua?"

"Sikujua, Mama."

"Nakuamini." Lakini Ijumaa iliyofuata, mchana bado mweupe, aliniambia niende nyumbani mapema. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Sikuiona tena mishumaa ikiwashwa.

Nilimwendea mchungaji. "Uliniahidi."

"Ahadi ya kumnyima mtu wokovu si ahadi, dada."

"Mungu unayemhubiri aliahidi Ibrahimu," nikamwambia. "Naye angekuwa anaahidi kama wewe, ungehubiri nini?" Sikurudi pale tena. Rafiki yangu alisema alinificha kwa sababu ananipenda, na kwamba ningekuja kuwashukuru. Nilihama mwezi ule ule.

Mwaka uliofuata binti yake Mama, aliyekuwa akiishi Yerusalemu, alimwita akakae naye. Nilimfungia mizigo na kumpeleka uwanja wa ndege. Kwenye kiti cha magurudumu alionekana mdogo, na macho yake yalikuwa yameshatangulia safari. Nilitaka aniambie yale yamekwisha. Hakuniambia. Alinishika tu kidevu, akauliza, "Umepata kanisa lingine?"

"Bado, Mama."

"Tafuta," akasema. "Mtu asisali peke yake."

Kisha wakamsukuma ndani.